Tairi Lilipopasuka Nikiwa na Mama Mkwe

Tangu nirudi kutoka Muleba, wanaoingia dukani kwangu pale Mabatini hawaulizi tena habari za nyuzi wala vifungo. Wanauliza, "Zaituni, ni kweli tairi lilipasuka ukiwa unaendesha? Na ni kweli ulimfokea mama mkwe?" Yote mawili ni kweli. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nikimpimia mteja lastiki, kwa hiyo nimekaa niwaandikie safari nzima. Habari za kumwomba mtu anishikie duka na kupanga siku naziruka, hazina utamu.

Kwa msiomfahamu, mama mkwe wangu ni Bi Asha, Mhaya wa Muleba, mjane, mama wa Abdul mume wangu. Alikuja Mwanza kutolewa mtoto wa jicho. Alipokuja alikuwa akiniona kama kivuli. Alinitambua kwa sauti. Jicho la kulia likafanyiwa upasuaji, na siku alipoondolewa bandeji alinitazama usoni kwa muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe una kidoti kwenye shavu." Miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kukiona.

Daktari alimruhusu kusafiri kwa masharti: avae miwani myeusi, asiiname, asibebe kitu kizito, na asitikiswetikiswe. Abdul yuko Tabora kikazi, na basi kwa mtu wa namna hiyo halikufaa. Nikasema nitampeleka mwenyewe.

Pasiansi hadi Kigongo

Tulitoka nyumbani Pasiansi asubuhi, buti limejaa. Mama hawezi kurudi kwake mikono mitupu, kwa hiyo kulikuwa na gunia la dagaa, madumu, vitenge vya mawifi zangu, na mto wake wa kulalia ambao hataki kuachana nao.

Kabla hatujapita katikati ya mji alikuwa ameanza kusoma. Alisoma kila kibao. Saluni, duka la dawa, mauzo ya milango ya chuma, kanisa, shule ya awali, "Usikojoe hapa." Alisoma kwa sauti ile ya mtoto wa darasa la pili, na akimaliza ananigeukia kama anayesubiri nimpe vema.

"Na yale mawe juu ya mlima, nani aliyapanga?"

"Hakuna aliyeyapanga, Mama. Yako hivyo hivyo."

"Na wale waliojenga katikati yake hawaogopi?"

Nimezaliwa Mwanza na sijawahi kujiuliza. Tulipopita Nyegezi nilianza kutazama mawe yale kama mgeni, mpaka dereva wa nyuma akanipigia honi.

Kigongo alinishika mkono. "Tumefika kivukoni? Tushuke?"

Nilimwambia kivuko hakuna tena kwa ajili yetu, kuna daraja, na kwamba wakati wa kuja alilipita. Alikataa. Alisema wakati wa kuja alipita kwenye ukungu mweupe ulionguruma, na alidhani mvua inakuja. Tukaingia darajani. Alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akageuza shingo kwa utaratibu, akafuata zile nyaya kutoka chini mpaka zinapokutana na nguzo kule juu. Maji yalikuwa yanameta pande zote mbili.

"Punguza," akasema.

"Siwezi kusimama hapa, Mama."

"Sijasema simama. Nimesema punguza."

Nikapunguza.

Chai ya Katoro

Sengerema tulipita bila kusimama. Geita tulikwama, lori la mbao lilikuwa limeziba njia na wenye lori wanabishana na wenye magari mengine nani ampe nani nafasi. Mama aliteremsha kioo, akauliza mbao zile ni za mti gani, na mmoja wa wale waliokuwa wanafokeana akaacha ugomvi, akamjibu kwa heshima, akarudi kwenye ugomvi.

Katoro tukaingia mgahawani. Hapo palitokea kutoelewana kidogo. Mama aliomba "kahawa," na dada wa mgahawa akamletea kikombe cha kahawa ya maji moto. Kumbe alitaka kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, ambazo kwao Muleba ndizo mgeni hupewa kwanza. Dada yule akashangaa: kahawa gani inatafunwa? Mama akafungua fundo la khanga, akamtolea punje mbili. Dada alitafuna, akakunja uso, akaendelea kutafuna. Tulipoondoka alikuwa anamwita mwenzake jikoni aje aonje.

Kabla ya kuwasha gari nililizunguka. Nilitazama matairi yote, nikayapiga teke kila moja kama watu wanavyofanya. Niliyaona mazima. Na niwaambie ukweli, mpaka leo sijui teke lile linamwambia mtu nini.

Baada ya Katoro

Barabara ile mnaijua, ni lami nzuri, imenyooka, na jua la saa sita lilikuwa limeikalia. Nilikuwa kwenye themanini hivi. Mama alikuwa anasoma kibao cha shule, neno la mwisho bado liko mdomoni, ndipo ukasikika mshindo chini ya miguu yangu, kama mtu amepasua debe kwa shoka.

Usukani ukaruka. Gari likavutwa kulia, kule wanakopita wanaotoka mbele, na mbele kulikuwa na lori linakuja.

Mama akapiga kelele, "Breki! Kanyaga breki! Zaituni, breki!"

Nami nikasema, tena si kusema, nikafoka kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata kwa wanangu: "Nyamaza!"

Nikaushika usukani kwa mikono yote miwili, nikaung'ang'ania uelekee mbele. Ulikuwa mzito kama unageuza jiwe la kusagia. Mguu ulitaka kwenda kwenye breki. Niliuhisi kabisa, ulitaka wenyewe. Nikaukatalia. Nikaachia mafuta taratibu, bila kunyanyua mguu kwa ghafla. Gari lilikuwa linatetemeka lote, kule mbele kulia mpira unapiga bodi, pa! pa! pa!, na nusu ya gari ilikuwa imevuka mstari mweupe. Sikukata usukani kwa nguvu kulirudisha kushoto. Nililivuta kidogo, nikasubiri, nikalivuta kidogo tena.

Lile lori likatoka nje ya lami upande wake, likatupita na vumbi na upepo uliotuyumbisha.

Baada ya hapo ilikuwa ni kusubiri tu. Gari lilipungua mwendo lenyewe, hamsini, arobaini, likawa linachechemea. Lilipofikia mwendo wa baiskeli nikawasha taa zote za tahadhari, nikaliteremsha kwa upole kwenye changarawe upande wa kushoto, na hapo ndipo nilipogusa breki, kidogo sana. Likasimama.

Nilizima injini. Kwa mbali nilisikia mbuzi. Mama alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya mapaja, miwani myeusi iko palepale.

"Mama, umeumia? Jicho?"

Akatikisa kichwa kukataa.

Kando ya barabara

Nilimtoa kwa mlango wa kushoto, mbali na lami, nikamkalisha kwenye tuta chini ya kivuli, juu ya ule mto wake. Nikaiweka pembetatu nyekundu mbali nyuma ya gari, na mbele nikakata matawi nikayatandaza pembeni ya lami ili anayekuja ajue kuna tatizo. Magurudumu ya nyuma nikayawekea mawe. Ndipo nikakumbuka kwamba tairi la akiba liko chini ya kila kitu tulichobeba.

Nikaanza kupakua. Gunia la dagaa, madumu, vitenge. Nilipanga kila kitu kwenye majani. Mzee mmoja akaja na baiskeli, akasimama, akatazama gunia.

"Dagaa wa Mwanza hawa? Unapimaje?"

"Siuzi, baba. Tairi limepasuka."

"Aa, pole sana, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. Akatazama gari, akatazama tena gunia. "Lakini ukipunguza mzigo si gari litakuwa jepesi?"

Wakati wowote mwingine mama mkwe wangu angelikamata neno hilo na wangecheka mpaka jioni. Alikaa kimya. Mzee alimwamkia, naye akainua mkono na kutabasamu, asiitikie kwa mdomo. Kumwambia mama mkwe "nyamaza," mtu wa kwetu anajua maana yake. Ndoa zimekwisha kuvunjika kwa neno dogo kuliko hilo. Nilikuwa nahangaika na jeki huku kichwani napanga namna ya kumwambia Abdul.

Lile lori lilikuwa limesimama kule nyuma yetu, na dereva wake akaja kwa miguu. Mtu mzima, mnene, amevaa kandambili, mwenye ndevu zenye alama nyeupe upande mmoja tu. Alijitambulisha kwa jina la Kulwa. Alisimama mbele yangu, akanishika mkono kama tunapeana pole ya msiba.

"Dada, nilishakuona umeingia kwangu. Nikajisemea, akikanyaga breki huyu atakuja kulala mbele yangu kiubavu. Nikatoka nje nikuachie njia. Sasa mbona hukukanyaga?"

"Sijui. Nilijizuia."

"Mimi ningekanyaga," akasema yule mzee wa baiskeli.

"Wengi wanakanyaga," akasema Kulwa, akachukua spana, tukalegeza nati kabla gari halijainuliwa.

Tairi tulipolitoa lilikuwa la kutisha. Ubavu umefunguka mzima, nyaya nyembamba zimechomoza kama mifupa ya dagaa. Tulilizunguka wote watatu. Kulwa alipitisha kidole kwenye nyufa ndogondogo za pembeni akasema mpira ulikuwa umezeeka, ingawa kwa juu meno yake bado. Mzee wa baiskeli akasema ni jua, lami ya saa sita inachemsha. Mimi nikakumbuka shimo nililolipiga karibu na Sengerema. Kila sababu niliiona ina mantiki, na nilitamani tairi liseme lenyewe.

Tulipomaliza, mama alimpa Kulwa na mzee kila mmoja punje za kahawa kutoka kwenye fundo lake. Kimya kimya. Mimi hakunipa.

Chato

Tairi la akiba la gari langu ni lile jembamba, la kukuokoa tu ufike kwa fundi. Nilienda mwendo wa maharusi mpaka Chato. Tulipitwa na kila kitu chenye magurudumu. Vibao vilipita kushoto, vibao vikubwa vyenye maandishi mazuri, na mama hakusoma hata kimoja.

Fundi wa matairi alilipokea lile bovu, akaliinua juani, akasema kosa ni upepo kidogo: tairi likiwa laini linajikunja kila mzunguko, linapata moto, mwisho linachanika. Nikamwambia nililipiga teke Katoro. Akacheka sana, akawaita wenzake waje wasikie. Kisha akachukua kipimo akanionyesha tairi la pili la mbele, ambalo kwa macho lilikuwa zima kabisa, na lilikuwa na upepo pungufu. Alisema yapimwe asubuhi kabla gari halijatembea, yakiwa bado ya baridi. Nilibadilisha yote mawili ya mbele.

Wakati anafanya kazi tulivuka barabara kwenda kula. Ugali wa muhogo na sato wa kukaanga, mzima, na kichwa chake. Huko Mwanza kila siku nilikuwa namchambulia mama samaki, natoa miiba namwekea minofu upande mmoja. Nikanyoosha mkono kama kawaida. Akaivuta sahani kwake.

Nikatazama chini. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, hata chakula changu hataki.

Alimla yule samaki mwenyewe, taratibu mno. Kila mwiba aliutoa, akauinua karibu na uso, akautazama, akaulaza pembeni. Alipomaliza miiba ilikuwa imejipanga ukingoni mwa sahani kama meno ya kitana. Mimi wangu niliacha nusu.

Kyamyorwa hadi Muleba

Tulitoka Chato jua limeanza kulegea. Tulikuwa tumeshapita Kyamyorwa, milima ya kwao imeanza kuonekana, ndipo alipokohoa.

"Zaituni."

"Abee, Mama."

"Naruhusiwa kusema sasa?"

Nilitaka kusimamisha gari. "Mama, nisamehe. Sikukusudia. Neno lile lilinitoka tu, sijui..."

"Tazama mbele, endesha." Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akairudisha. "Mwanzoni nilinyamaza kwa sababu umeniambia. Halafu nikajaribu kusema, sauti haipo. Ilipokuja, nikaona nikae kwanza nitazame. Nilikuwa na mengi ya kutazama."

"Nilidhani umekasirika. Hata samaki..."

"Samaki amefanya nini? Nilitaka kujua kama naweza mwenyewe." Akanyoosha kidole mbele, kama lori bado linakuja. "Unajua nilimwona yule dereva wa lori? Kabla hajashuka. Kule kule ndani, anakuja. Niliona ile alama nyeupe ya ndevu. Niliona mdomo wake uko wazi. Nikajisemea, Asha, jicho hili ulipewa ili uone hiki? Nilitaka kulifumba. Likakataa. Likaona mpaka mwisho, mpaka tunasimama."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuthubutu kuachia usukani niyafute. Akayafuta yeye, kwa pindo la khanga yake, huku akiniambia nisigeuke.

"Sasa nieleze. Gari lilitaka kwenda kulia, wewe ulikuwa unalikatalia, na miguu yako haikukanyaga kitu. Mimi nilikuwa nakuamuru breki. Nani alikuwa sahihi?"

"Mimi, Mama."

"Hilo naliona, tuko hai. Nauliza kwa nini. Lakini usiniambie sasa. Utaeleza nyumbani, Sudi naye asikie."

Sudi ni shemeji yangu, mdogo wake Abdul. Ana pikapu la kubebea ndizi, na analiendesha kama anakimbizwa.

Halafu mama akakaa vizuri kwenye kiti, akasoma: "Karibu Muleba."

Nyumbani

Tulipokelewa na watu wengi kuliko nilivyotarajia, na ndizi zilizopikwa na maharage, na hao dagaa waliotoka kwenye lile gunia. Mama alizunguka kwanza nyumba nzima akitazama kuta zake. Alikuta nyufa, akauliza nani alikuwa anamficha. Majirani waliinua nyuso zao awatazame mmoja mmoja. Hadithi ya tairi aliizuia mpaka kesho yake asubuhi, wakati wote wameketi uani kwa chai.

Akaanza kwa kusema, "Aliniambia nyamaza." Watu wote wakanigeukia. Sudi akaacha kutafuna. Nilitamani ardhi inifiche. Mama akaniacha nikiteseka hivyo kwa muda, halafu akasimulia kilichobaki, na akamalizia kwa kuniamuru nieleze nilivyojua.

Nikawaeleza. Nilipokuwa najifunza udereva, mwalimu wetu alikuwa na mchezo mmoja ambao tuliuchukia. Gari limezimwa, limesimama. Unakaa kwenye usukani, unafumba macho, mguu wa kulia juu ya mafuta. Yeye anapuliza mfuko wa karatasi, anakaa kiti cha nyuma, anakuacha usubiri mpaka usahau. Kisha anaupasua nyuma ya kisogo chako na kutazama mguu wako unakwenda wapi. Mguu wa kila mtu ulikwenda kwenye breki. Alitueleza kwamba ukikanyaga breki uzito wote wa gari unamiminika mbele, juu ya lile tairi lililokufa, na gari linazunguka au linalala. Ukikata usukani kwa nguvu ni hivyo hivyo. Shika linyooke, achia mafuta kidogo kidogo, liache lichoke lenyewe. Tulirudia mchezo ule mpaka mguu ukajua.

"Mimi ningeweza," akasema Sudi. "Hilo si la kufundishwa."

Mama akainuka. Aliingia jikoni, akatoka na mfuniko wa sufuria kubwa na mwiko.

Basi asubuhi ile hatukufanya kazi nyingine. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, gari limetiwa gia na kuwekewa jiwe, na Sudi akakaa kwenye usukani macho yamefumbwa. Mama aliketi nyuma yake akapiga mfuniko. Mguu wa Sudi ulikwenda kwenye breki kwa nguvu mpaka gari likatikisika. "Rudia," akasema mama. Akarudia, ukaenda tena. Jirani mwenye bodaboda akajaribu naye akakamata breki ambayo haipo, kwa mkono. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Sudi alirudia na kurudia, jasho linamtoka, kicheko kimemwisha, mpaka ikafika mfuniko unapigwa na mguu wake unatulia, unanyanyuka taratibu kama nilivyomwonyesha. Alishuka ameloa, akanishukuru bila utani.

"Sasa mimi," akasema mama.

Tulimwingiza polepole asiiname. Hajawahi kukaa kwenye usukani maishani mwake. Aliushika kwa mikono miwili, akaweka mguu ulipo mafuta, ndani ya kandambili yake. Sudi akakaa nyuma na mfuniko.

"Fumba macho, Mama."

"Thubutu! Hili nimelipata juzi."

Akayaacha wazi, akatazama mbele, ng'ambo ya migomba, kule ardhi inaposhuka mpaka ziwani. Sudi alisubiri, na sote tukasubiri, kisha akapiga kwa nguvu zote. Kuku walitawanyika uani. Mguu wa mama haukwenda popote.

"Kuna mtumbwi kule chini," akasema. "Una tanga la bluu, na mtu mmoja amesimama." Kisha akageuza kichwa kidogo. "Umeshapiga?"